Namna ya Kukusanya Visukuku vya Baharini katika Machimbo ya Mawe ya Chokaa

Mawe ya chokaa kwa sehemu kubwa ni masalia ya makombe, matumbawe na matope yaliyotuama chini ya bahari, ndiyo maana hata machimbo yaliyo mbali na pwani huweza kujaa visukuku, yaani masalia ya kale yaliyohifadhika mwambani, vya viumbe wa majini. Kwanza pata ruhusa ya mwenye machimbo, na uulize kama sheria za nchi zinaruhusu kuvichukua. Vaa kofia ngumu, miwani ya kinga na viatu imara, wala usikae chini ya ukuta wa mwamba, kwa kuwa baruti huacha nyufa zisizoonekana.

Wanaoanza hukimbilia nyundo, ilhali vielelezo vizuri mara nyingi vimekwisha kulegezwa na mvua na kulala juu ya vifusi vya zamani. Vipitie taratibu asubuhi au jioni, jua linapomulika kwa upande na kuipa vivuli hata mifuo myembamba ya kombe. Tafuta maumbo yenye mpangilio, kwa sababu jiwe tupu huvunjika ovyo. Vipande vya mviringo vyenye tundu katikati, mfano wa shanga, huwa ni vya shina la krinoidi, jamaa wa kiti cha pweza. Trilobiti, mnyama wa kale wa baharini mwenye gamba gumu, ni nadra kupatikana mzima, kwani alijivua gamba mara nyingi na kuacha vichwa na mikia. Ukimpata, ujue jiwe hilo lina zaidi ya miaka milioni 250.

Kisukuku kikiwa kimeshikamana na mwamba, weka tindo vidole vinne au zaidi kutoka ukingoni mwake, ugonge kidogo kidogo kufuata tabaka. Ni afadhali kubeba jiwe zito kuliko kurudi na nusu ya kombe. Kikipasuka, chukua pande zote mbili, pamoja na ule wenye alama yake tu.

Kukisafisha, tumia maji, brashi laini na sindano. Siki, ambayo wengi huisifu, mimi siishauri: kombe na jiwe mara nyingi ni kalisaiti (madini ya chokaa) ileile, na asidi huvila vyote viwili.

Kabla ya kukifunga katika gazeti, andika namba juu ya jiwe, kisha kwenye daftari uandike namba hiyo, tarehe, mahali na tabaka. Kilichookotwa kwenye vifusi kiandikwe hivyo hivyo, “vifusi”, pasipo kubahatisha tabaka kilikotoka.