Kupunguza uzito wa gemu kwa simu za bei nafuu

Gemu inayoteleza vizuri kwenye kompyuta yaweza kukwama kabisa kwenye simu ya RAM ya GB 2. Anza na picha. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 isiyobanwa hula MB 16 za kumbukumbu, hata kama faili lake la PNG ni KB 300 tu. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Ipunguze iwe 1024 kwa 1024, itakula MB 4.

Muziki wa stereo wa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, hufika MB 10 kwa dakika. Ugeuze uwe OGG, faili la sauti lililobanwa, wa kbps 96 (kilobiti kwa sekunde), utashuka chini ya MB 1. Milio mifupi, kama ya kuruka, iache WAV, maana kufungua OGG kila mara huchosha prosesa.

Kwenye Godot, programu ya kutengenezea gemu, weka ukomo wa fremu (picha zinazochorwa) 30 kwa sekunde ili simu isichemke.

Kisha toka nje uijaribu gemu. Kaa Nyerere Square saa saba mchana, jua la Dodoma likiwa utosini, umpe mtu simu bila maelezo yoyote. Vitufe vya kijivu juu ya mandhari ya kahawia havitaonekana. Tazama kidole chake: kikigonga palepale mara mbili tatu, kitufe ni kidogo. Kipanue kifike milimita 9. Usimwelekeze, hata roho ikikuuma.