Kupima Ukinzani wa Umeme kwenye Kiwanja Kilichokuwa Dampo

Dampo la Dar es Salaam limehama kutoka Tabata hadi Vingunguti, likaenda Mtoni na baadaye Pugu Kinyamwezi, na taka za zamani zimebaki chini ya udongo. Anayetaka kujua uchafu umeenea mpaka wapi asianze kwa kuchimba, kwani maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka huwa na chumvi nyingi na hupitisha umeme kwa urahisi kuliko udongo safi; yaani penye uchafu ukinzani, kile kiasi udongo unavyouzuia umeme kupita, huwa mdogo.

Waulize kwanza wenyeji magari ya taka yalimwaga upande upi. Kisha pima ukinzani mahali pasipo na shaka ya uchafu, upande wa juu wa mteremko. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona kuwa ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu bila kipimo cha udongo safi wa eneo lile lile huna cha kulinganisha.

Chomeka ardhini elektrodi nne, yaani vijiti vya chuma, kwenye mstari mmoja, zikiachana kwa umbali sawa: mbili za nje hupitisha mkondo na mbili za ndani hupima volteji. Gawanya volteji kwa mkondo, kisha zidisha kwa umbali huo na kwa 6.28. Elektrodi zikiachana mita 5, na jibu la kugawanya likiwa omu 0.2, unapata takriban omu-mita 6.3, kwa kina cha wastani wa mita 2.5 hivi. Ukitaka kwenda chini zaidi, ongeza umbali. Wakati wa kiangazi, mwagia maji ya chumvi kidogo pale ilipochomekwa kila elektrodi, la sivyo mkondo utapita kwa shida.

Namba ndogo, hata hivyo, si hukumu kwamba pana uchafu. Pale Mtoni maji ya bahari yako jirani, na udongo wa mfinyanzi nao hushusha ukinzani vilevile. Petroli iliyovuja karibuni hufanya kinyume, maana haipitishi umeme, ingawa ikikaa miaka mingi ikiliwa na bakteria eneo hilo laweza kuanza kuupitisha.

Mapipa ya chuma yaliyofukiwa hutafutwa kwa kipima sumaku, na anayekibeba aache mbali simu, funguo na mkanda wenye kifungo cha chuma. Rada ya ardhini, chombo kinachotuma mawimbi ya redio chini ya udongo, haifai penye mfinyanzi au chumvi, kwani mawimbi yake hufifia mapema.

Ramani ya vipimo vya ukinzani vya kiwanja kizima ikikamilika, chimba mashimo matatu ya sampuli: penye ukinzani mdogo kabisa, kwenye ukingo wake, na pale ulipopimia udongo safi. Sampuli zote tatu ziende maabara pamoja.