Jinsi ya Kuweka Bango la Ridhaa ya Vidakuzi kwenye Ukurasa wa Kampeni

Kampuni ya utalii ya Arusha inapolipia matangazo ya safari za Serengeti yaonekane Ujerumani na Ufaransa, kisha ikawapokea wanaoyabofya kwenye ukurasa mmoja wenye picha, bei na fomu ya kuulizia nafasi, huwa imeingia chini ya sheria za pande mbili kwa mkupuo mmoja. Nyumbani Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Na kwa kuwa huduma inauzwa kwa watu walioko Ulaya, inaihusu pia kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, GDPR, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018. Masharti ya Ulaya kuhusu vidakuzi, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari cha mgeni, ndiyo makali zaidi, kwa hiyo ni busara kujenga bango moja linaloyatosheleza na kulionyesha kwa wageni wote, badala ya kukisia kila mgeni yuko nchi gani.

Kazi huanzia kwenye orodha, kwa sababu huwezi kuomba ridhaa ya kitu usichojua kwamba unacho. Fungua ukurasa katika dirisha fiche la kivinjari, washa zana za wasanidi programu, kisha uangalie vidakuzi vilivyohifadhiwa na maombi yanayokwenda kwenye seva za watu wengine. Utakuta _ga ya Google Analytics (zana ya kupima matembezi), _fbp ya pikseli ya Meta (kipande cha msimbo kinachoiripotia kampuni yenye Facebook anachofanya mgeni), na pengine pikseli ya kampeni iliyokwisha zamani ambayo hakuna anayekumbuka aliyeiweka. Hiyo ifute kabisa. Usisahau video ya YouTube iliyopachikwa, ramani na kisanduku cha gumzo. Vidakuzi vinavyolinda fomu, au vinavyokumbuka lugha ambayo mgeni ameichagua, havihitaji ridhaa. Vya kupima matembezi na vya matangazo vinaihitaji.

Hapo ndipo unapofika kwenye jambo linalokosewa kuliko mengine yote: bango linawekwa na linapendeza, lakini pikseli imekwisha kutuma taarifa kabla mgeni hajasoma hata neno moja. Skripti zote (vipande vya msimbo vinavyotekelezwa na kivinjari) za kundi linalohitaji ridhaa lazima zizuiwe mpaka mgeni akubali. Ikiwa zimeandikwa moja kwa moja kwenye ukurasa, badilisha aina ya skripti iwe text/plain ili kivinjari kisiitekeleze, kisha skripti ya bango ndiyo iiwashe baada ya ridhaa. Ikiwa unatumia Google Tag Manager, zana ya kusimamia skripti hizo, ambazo yenyewe huziita lebo, mahali pamoja, weka hali ya mwanzo ya ridhaa kuwa “imekataliwa” kwa ishara nne, yaani ad_storage, analytics_storage, ad_user_data na ad_personalization, na hakikisha mpangilio huo unatangulia lebo nyingine zote. Ishara mbili za mwisho ndizo ambazo Google ilianza kuwadai watangazaji wanaolenga Ulaya mwezi Machi 2024. Pikseli ya Meta haisomi ishara hizo yenyewe, kwa hiyo ndani ya Tag Manager ipe sharti la ziada kwamba isifyatuke bila ad_storage kukubaliwa. Kumbuka pia kwamba lebo za Google zinaweza kuachwa zitume taarifa chache zisizo na vidakuzi hata pale mgeni alipokataa. Mimi huchagua kuzizuia kabisa, kwani ni rahisi kumweleza mteja na hata mkaguzi.

Mgeni akikubali, washa lebo papo hapo bila kuupakia ukurasa upya. Anwani ya ukurasa bado ina kitambulisho cha mbofyo, gclid (cha Google) au fbclid (cha Facebook), kinachoonyesha tangazo alilolibofya, na akihamia ukurasa mwingine kabla ya kuchagua, kitambulisho hicho hupotea na tangazo lililomleta halitajulikana.

Kuhusu maneno na vitufe, tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Planet49, iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama si ridhaa. Mwishoni mwa 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa, CNIL, iliitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60 kwa sababu kukataa kulihitaji hatua nyingi kuliko kukubali. Kwa hiyo “Nakataa” kikae sambamba na “Nakubali”, kwa ukubwa uleule na rangi inayoonekana vilevile. Maandishi yenyewe yanaweza kuwa mafupi: “Tungependa kutumia vidakuzi kupima matokeo ya matangazo yetu na kukuonyesha matangazo yanayokuhusu kwingineko. Ukikataa, ukurasa utaendelea kufanya kazi kama kawaida.” Kitufe cha tatu, “Nichague mwenyewe”, kifungue makundi yakiwa yote yamezimwa. Kwenye simu, bango likae chini bila kufunika kitufe cha kutuma fomu.

Uamuzi wa mgeni uhifadhiwe pamoja na tarehe, makundi aliyoyakubali na toleo la maandishi aliyoyasoma. Ikiwa kampuni iko Kenya badala ya Tanzania, Sheria ya huko ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtwika mwenye kukusanya data mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, nayo inampa mhusika haki ya kuiondoa wakati wowote. Weka basi kiungo cha kudumu chini ya ukurasa, “Badilisha uamuzi wako kuhusu vidakuzi”, na anapoiondoa ridhaa, futa _ga na _fbp badala ya kuzima skripti peke yake. Aliyekataa asiulizwe tena kila anaporudi. CNIL hupendekeza uamuzi utunzwe kwa miezi 6.

Mwisho ni majaribio, ukitumia dirisha fiche jipya kila mara. Usibofye chochote, uone kama kuna ombi lolote lililokwenda Google au Meta. Kataa, uangalie tena. Kubali, uhakikishe lebo zimefyatuka mara moja tu. Kisha ondoa ridhaa uone vidakuzi vinatoweka. Rudia majaribio hayo kila ukurasa wa kampeni unaponakiliwa kutengeneza mwingine, kwa maana hapo ndipo mtu wa masoko hubandika pikseli mpya moja kwa moja kwenye sehemu ya juu ya msimbo wa ukurasa (head), nje ya mpangilio wote ulioujenga.