Kubadili tairi la mbele la pikipiki, na mfereji mdogo unaosahaulika

Nanunua asali vijijini Sikonge na kuiuza Tabora mjini. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, lakini ikijaa asali inafika kilo 28 hivi. Nikifunga mbili nyuma ya pikipiki, mbele panakuwa pepesi na usukani unalegea mkononi, hasa kwenye mchanga wetu huu. Halafu nikishika breki, uzito wote unakuja mbele kwa mara moja, na tairi la mbele ndilo linalobeba kila kitu.

Ndiyo maana sipendi kabisa ile tabia ya kununua tairi jipya likafungwa nyuma, kisha la nyuma lililokwisha likahamishiwa mbele. Mara nyingi hata saizi si moja. Pikipiki yangu inakula 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, yaani upana wa inchi 2.75 au 3 kwenye ringi ya inchi 17. Tairi la nyuma likiisha upepo ghafla utayumba, lakini una nafasi ya kupunguza mwendo na kusimama. La mbele likikuponyoka umeshaanguka.

Kazi hii nilijifunza baada ya kuanguka. Nilipata pancha mbele nikiwa na ndoo mbili za asali, nikampa fundi wa barabarani. Alimaliza upesi, nikamlipa, nikamshukuru. Mbele kidogo ng'ombe walivuka, nikashika breki ya mbele. Nilisikia mlio wa chuma kuvunjika, gurudumu likakaza palepale, nami nikaruka. Ndoo moja ilipasuka, asali ikatambaa kwenye vumbi, na nyuki walifika kabla ya watu. Nilikaa wiki tatu mkono ukiwa umefungwa. Kilichonivunja mkono ni mfereji wenye upana wa kidole ambao yule fundi hakuuangalia. Nitaufikia, na ukifika hapo usome polepole.

Vifaa si vingi. Spana mbili za nati ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu (yangu inataka namba 17 na 19, jaribu zako ukiwa nyumbani, si porini), koleo, bisibisi, vyuma viwili au vitatu bapa vya kung'olea tairi visivyo na makali, pampu, kifunguo cha kutolea moyo wa valvu (kile kipini cha ndani kinachozuia upepo usitoke), kipande cha sabuni na maji kidogo, grisi, na khanga kuukuu ya kutandika chini. Khanga usiidharau, kwa sababu washa, kile kipete bapa cha chini ya nati, ikianguka kwenye mchanga wa Tabora ndiyo imekwenda.

Tafuta mahali pagumu na tambarare. Kabla hujainua chochote, legeza nati ya ekseli ukiwa bado umelikanyagisha gurudumu ardhini. Ilegee tu, usiitoe. Ukingoja mpaka gurudumu liwe juu, utasukumana na nati mpaka pikipiki ikudondokee.

Sasa waya wa breki. Hapa nasema breki za kawaida, zile zenye brekishuu ndani. Fungua nati ya kurekebishia iliyo mwisho wa waya kule chini kwenye mkono mdogo wa breki ulio gurudumuni, lakini kwanza hesabu nyuzi za skrubu zilizojitokeza nje ya nati, ukumbuke. Ukishauchomoa waya, rudisha springi, pini na nati kwenye waya wenyewe kwa mpangilio uleule, visipotee. Kisha chomoa waya wa spidi, ule unaokwenda kwenye kipimo cha mwendo. Kama yako ina diski mbele, hakuna waya wa breki wa kufungua, ila gurudumu likiwa nje usiguse kabisa mkono wa breki ulio kwenye usukani. Chomeka kibao chembamba kati ya pedi mbili, maana ukibonyeza zitasogeleana na diski haitaingia tena.

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati. Mimi hufunga ndoo iliyojaa kwenye keria, nyuma panalemewa na mbele panainuka. Lakini usiamini ndoo peke yake. Sukumia kipande cha gogo au kreti la soda lililopinduliwa chini ya injini, pasipo na bomba la moshi. Shika usukani utikise. Kama inacheza, panga upya.

Toa nati, uigonge ekseli itoke kwa kipande cha mti. Nyundo moja kwa moja kwenye skrubu inaziharibu nyuzi, na nati haitarudi. Ikitoka, angalia bushi (kile kipande cha bomba kinachovaa ekseli) ilikuwa upande gani na washa ilikaa wapi, kisha vivishe vyote kwenye ekseli ileile kwa mpangilio wake. Mzee mmoja fundi, mwenye kibanda chini ya mwembe kule Isevya, alinifundisha hivyo. Aliniambia, "Mama, kila ulichokitoa kivae mahali pake, usikitie mfukoni." Tangu siku hiyo sijawahi kubaki na kipande mkononi nisijue kinakokwenda.

Gurudumu likishatoka, inua ile sahani ya breki yenye brekishuu, uiweke kwenye khanga, mbali na grisi na mafuta. Vumbi lililo ndani lifute kwa kitambaa kibichi. Usilipulize kwa mdomo, si la kuvuta puani. Ingiza kidole kwenye beringi uizungushe: ikikwaruza au ikicheza, ibadilishe leo leo, maana umeshafungua.

Kulitoa tairi kwenye ringi ni jambo la akili zaidi ya nguvu. Toa moyo wa valvu upepo uishe wote, fungua nati ya valvu, kisha kanyaga tairi pembeni kwa kisigino mpaka liachane na ringi, pande zote mbili. Ukiitazama ringi kwa ndani utaona katikati pana bonde. Siri yote iko hapo. Mdomo wa tairi una waya wa chuma usiotanuka, kwa hiyo ukiingiza chuma upande mmoja bila kuusukumia upande wa pili kwenye lile bonde, utahangaika, utapinda ringi na utatoboa tyubu. Piga goti upande wa mbali, tairi lizame bondeni, na huku kwako nafasi itapatikana. Anzia karibu na valvu, vuta kidogo kidogo, upana wa vidole vitatu kila mara.

Tairi likitoka, pitisha kitambaa ndani yake kote. Mwiba wa mgunga huvunjika nje ukabaki ncha ndani, na kitambaa kitaukamata kabla ya kidole chako. Kama ringi ni ya spoku, angalia utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku. Ukiwa umechanika, spoku zitaitoboa tyubu mpya ndani ya siku chache, nawe utalaumu tairi.

Dukani, soma ubavu wa tairi. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa miaka mingi juani mbele ya duka linakuwa gumu hata kama kashata zake ni nzima, na ukilikunja utaona nyufa ndogondogo. Nunua na tyubu mpya ya saizi hiyohiyo. Tyubu ya zamani imeshatanuka, ukiivalisha tairi jipya inajikunja na kukatika palipojikunja.

Angalia mshale ubavuni mwa tairi. Lazima uelekee upande gurudumu linakozungukia pikipiki ikienda mbele. Lisimamishe gurudumu kwa jinsi litakavyokaa, sahani ya breki upande wake, ndipo uamue. Paka povu la sabuni kwenye midomo ya tairi. Usipake oili wala grisi, zinakula mpira. Ingiza mdomo mmoja, kisha tyubu yenye upepo kidogo tu wa kuipa umbo, valvu itokeze, uishike kwa nati bila kukaza. Mdomo wa pili uanzie upande ulio mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu. Ukifika mwishoni, isukume valvu ndani kidogo, tyubu ipande juu isibanwe chini ya mdomo wa tairi. Hapo ndipo tyubu mpya nyingi hutobolewa.

Jaza upepo, kisha tazama ule mstari mwembamba unaozunguka tairi karibu na ringi. Uwe umbali sawa kote. Pakizama mahali, toa upepo, paka sabuni, jaza tena. Mwisho weka kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki yako. Yangu ni psi 25 mbele. Kujaza mpaka tairi liwe jiwe hakusaidii mchangani.

Sasa kurudisha, na ule mfereji. Rudisha sahani ya breki ndani ya gurudumu, ukiizungusha taratibu mpaka meno ya spidi yaingie kwenye nafasi zake. Kisha tazama nje ya ile sahani: kuna mfereji. Ndani ya mguu wa shokapu, upande huohuo, kuna ulimi wa chuma. Ulimi lazima uingie kwenye mfereji. Ndio unaoizuia sahani isizunguke unaposhika breki. Usipoingia, gurudumu litakaa, nati itakaza, na pikipiki itakwenda vizuri kabisa mpaka utakaposhika breki. Hapo sahani itazunguka pamoja na gurudumu, itakata waya na kukaza. Mimi huchuchumaa nikatazama, halafu hupapasa kwa kidole, halafu huishika sahani nikajaribu kuizungusha kwa nguvu. Ikikataa, ndipo napumua.

Paka grisi kidogo kwenye ekseli, iingize na bushi zake, kaza nati kwa mkono. Rudisha waya wa breki na wa spidi. Shusha pikipiki, shika breki ya mbele, sukuma usukani chini mara nne au tano ili shokapu zikae sawa, na ukiwa bado umeshika breki kaza nati ya ekseli mpaka mwisho. Kama ina pini ya kuzuia nati, weka mpya. Rekebisha breki kwa zile nyuzi ulizozihesabu: mkono wa breki wa usukani ucheze sentimita 2 hivi kwenye ncha kabla haujashika, na gurudumu likiinuliwa lizunguke bila kukwaruza.

Isukume kwa miguu kwanza, shika breki. Kisha panda, nenda mwendo wa kutembea, shika tena. Tairi jipya linateleza siku za mwanzo, kwa hiyo usilaze pikipiki kwenye kona, na mvua ikinyesha uwe mpole zaidi. Jioni ya siku ya kwanza rudia spana kwenye nati. Tyubu ya zamani ikate vipande virefu vya upana wa vidole viwili: hakuna kamba inayoshika ndoo ya asali kwenye keria kama hiyo.