Kumsafisha Mtoto Pua ili Kuyalinda Masikio Yake

Ndani ya pua mna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga takriban mara 10 kwa sekunde na kuisukuma kamasi, pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo, hadi kooni inakomezwa. Njiani hupita kwenye nyama za nyuma ya pua ziitwazo adenoidi, na kando ya nyama hizo ndipo unapofungukia mrija unaopeleka hewa katika sikio la kati. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala. Nyama zikivimba, hasa kati ya miaka 3 na 7, kamasi hutuama, mrija huziba, na majimaji hujikusanya nyuma ya kiwambo cha sikio hata pasipo maumivu.

Chemsha nusu lita ya maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha koroga humo kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Usitumie maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa. Mtoto mchanga mlaze chali umdondoshee matone mawili matatu kila tundu. Mkubwa mwinamishe juu ya beseni, afungue mdomo, umnyunyizie taratibu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kisha apenge tundu moja baada ya jingine, polepole, kwa sababu kupenga kwa nguvu huku pua yote imebanwa husukuma kamasi kuelekea sikioni. Moshi wa sigara, kuni na mkaa hudhoofisha vinyweleo hivyo, kwa hiyo asilale karibu na jiko.

Maji ya chumvi husaidia kamasi kutoka, lakini tusiyategemee kuondoa nyama zilizokwisha kuwa kubwa. Ili kujua kama anasikia vizuri, mwite mtoto kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo. Ikiwa haitikii mara kwa mara, au anakoroma kila usiku na kupumua kwa mdomo, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Pumzi ikikatika usingizini, au nyuma ya sikio pakivimba, usingoje. Sikio likitoa usaha, likaushe kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa kama utambi, ukibadilisha mpaka kitoke kikavu. Usitie mafuta wala kitunguu saumu, na umfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo.