Jinsi ya kuisoma himoglobini kwenye kompyuta bila kupotea kwenye nafasi ya 6

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia binti wa kidato cha sita, mkazi wa Ubungo, aliyekuwa anaandaa wasilisho kuhusu selimundu. Miundo minne ya protini (ngazi nne za umbo lake, kuanzia wa kwanza hadi wa nne) alikuwa ameikariri vizuri, ila hajawahi kuuona hata mmoja. Nimechagua himoglobini, protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, kwa makusudi. Hapa Dar wengi wetu tuna ndugu au jirani anayehudhuria kliniki ya selimundu, na ugonjwa wote huo chanzo chake ni asidi amino (kiungo kimoja cha mnyororo wa protini) moja tu.

Hatua ya 1. Fungua rcsb.org, hifadhi ya maumbo ya protini, andika 4HHB, msimbo wa umbo la himoglobini ya kawaida, bofya kichupo cha Structure. Usisakinishe chochote. PyMOL ni programu nzuri sana ya kuangalia maumbo haya, lakini kwa anayeanza itakula jioni nzima kabla hujaona kitu, wakati Mol*, kionyeshi cha tovuti hiyo, inafunguka humo humo kwenye kivinjari. Kwa simu pia inafunguka, ila kidole kinaziba pale pale unapotaka kugusa. Azima kompyuta, iunganishe na bando lako.

Hatua ya 2. Vitabu huanza na muundo wa kwanza. Mimi nasema anza na wa nne, maana ndio jicho linalouona kwanza: minyororo minne iliyoshikana, alfa miwili na beta miwili, kila mmoja umebeba hemu yenye chembe ya chuma inayonasa oksijeni. Ukibaki na mnyororo mmoja, namna ulivyojikunja ni muundo wa tatu. Misokoto iliyomo ndani yake ni muundo wa pili. Mikunjo bapa ya beta usiitafute hapa, himoglobini haina. Ukitaka kuiona, fungua 1IGT, kingamwili ya panya, imejaa tele.

Hatua ya 3. Sasa muundo wa kwanza, yaani mpangilio wa asidi amino. Hapa ndipo watu wanapotea, kwa hiyo twende taratibu.

Juu ya picha kuna mstari wa herufi, kila herufi ni asidi amino moja. Unaofunguka wenyewe ni wa alfa, na selimundu iko kwenye beta, kwa hiyo badilisha kwenye menyu. Ukiona nafasi ya 6 ni D, bado uko alfa. Beta inaanza hivi: V-H-L-T-P-E-E-K. Herufi E ni asidi glutamiki. Kwa mgonjwa wa selimundu, E ya nafasi ya 6 imebadilika kuwa V, yaani valini.

Tatizo linakuja ukifungua UniProt (hifadhi ya mipangilio ya protini), modeli ya AlphaFold (programu inayokisia maumbo ya protini) au ripoti ya vinasaba: huko badiliko hilo hilo linaandikwa nafasi ya 7. Zote ziko sahihi. Maelekezo ya jeni yanaanza na asidi amino iitwayo methionini, ambayo mwili huiondoa protini inapotengenezwa. Ukiihesabu, beta ina asidi amino 147. Usipoihesabu, zinabaki 146, na 4HHB haiihesabu.

Mtego wenyewe ni huu: kwenye 4HHB nafasi ya 7 nayo ni E. Ukichukua namba 7 kutoka UniProt ukaja nayo hapa, utakuta asidi glutamiki, utaridhika, utapiga picha, na picha nzima itakuwa ya asidi amino isiyohusika. Kinyume chake hakina madhara, maana kwenye UniProt nafasi ya 6 ni P na utashtuka mwenyewe. Kwa hiyo usiiamini namba peke yake. Soma herufi: unayoitaka ni E ya kwanza baada ya P. Halafu andika kwenye ripoti yako umetumia hesabu ipi.

Hatua ya 4. Fungua 2HBS, himoglobini S (ile ya selimundu) isiyo na oksijeni. Utaona himoglobini mbili zimelaliana. Asidi glutamiki ina chaji hasi na hupatana na maji; valini huyakwepa. Tafuta valini ya nafasi ya 6 iliyojichomeka kwa jirani, kati ya fenilalanini ya 85 na lusini ya 88. Zikiendelea kushikana hivyo hutokea nyuzi ndefu, na seli nyekundu inapinda.

Chaji iliyopotea ndiyo inayoziwezesha maabara kutenganisha himoglobini A (ya kawaida) na S kwa umeme na kuandika AS (mbebaji) au SS (mgonjwa). Linus Pauling na wenzake walionyesha tofauti hiyo mwaka 1949. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha kwamba ni asidi amino moja iliyobadilika.

Hatua ya 5. Kwa aina za protini, linganisha na 1CAG, kipande cha kolajeni kilichotengenezwa maabara: minyororo mitatu imesokotwa kama kamba ya katani. Hiyo ni protini ya nyuzi, kazi yake kushikilia. Himoglobini na kingamwili ni za kundi la mviringo, pamoja na vimeng'enya vingi.

Hatua ya 6. Hifadhi picha, na chini yake andika msimbo wa umbo, mnyororo na nafasi, kwa mfano: 4HHB, mnyororo B, asidi glutamiki ya 6.