Kabla mlipuko haujatokea: kujiandaa kufuatilia bakteria wa chakula kwa vinasaba

Ukitaja kusoma jenomu za bakteria, yaani vinasaba vyao vyote, wengi huuliza kwanza inunuliwe mashine gani. Mimi ningeanza na friza. Siku mlipuko wa ugonjwa utokanao na chakula unapotangazwa, bakteria wa wagonjwa wa mwanzo ama wamehifadhiwa ama wameshatupwa, na kilichotupwa hakisomeki.

Kwa hiyo hospitali zizoee mapema kupeleka bakteria waliooteshwa kwenye maabara kuu, wagandishwe ndani ya gliserini kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Siku hizi kazi hii imekuwa ngumu zaidi, kwa kuwa vipimo vya haraka hutafuta DNA moja kwa moja kwenye kinyesi bila kuotesha chochote. Mgonjwa anatibiwa vizuri, ila mfuatiliaji anabaki mikono mitupu. Uwepo utaratibu kwamba jibu chanya la namna hiyo lifuatwe na kuotesha.

Kila sampuli iwe na tarehe ilipochukuliwa (si ile ilipofika maabara, makosa haya ni ya kila siku), mahali, na chanzo chake: mtu, chakula, au mfereji wa sakafu ya kiwanda. Jenomu isiyo na maelezo haya haina msaada mkubwa.

Wachukua sampuli za chakula nao wawe tayari kutoka siku hiyo hiyo. Katika mlipuko wa Listeria, bakteria wa chakula, wa Afrika Kusini, 2017 hadi 2018, ambao wagonjwa wake walizidi 1,000, wengi wao walikuwa na bakteria wa aina moja ya kinasaba, iliyopewa jina ST6. Hata hivyo chanzo kilibaki kitendawili kwa miezi, hadi watoto wa kituo kimoja cha malezi walipougua na poloni, aina ya soseji, iliyokuwa kwenye jokofu la kituo ikapimwa. Kutoka hapo wakaguzi wakafika kiwandani, ambako ST6 ilipatikana.

Kuhusu mbinu, kubaliana na wenzako mapema. Mtandao wa maabara wa PulseNet wa Marekani, unaofuatilia bakteria wa chakula, ulioanza 1996, ulitumia alama za vipande vya DNA vilivyotenganishwa kwenye jeli kwa zaidi ya miaka 20, kisha 2019 ukafanya usomaji wa jenomu nzima kuwa kipimo chake cha kawaida. Picha za jeli hazilinganishiki na jenomu. Maabara mbili zenye mbinu tofauti hazitagundua kwamba wagonjwa wao wana bakteria mmoja. Weka pia kiwango cha chini cha ubora wa usomaji, na kanuni ya kugawana data.

Mwisho, andaa dodoso la vyakula, na amua ni nani mwenye mamlaka ya kutaja chakula hadharani. Ujerumani mwaka 2011, matango ya Hispania yalitajwa kuwa chanzo cha mlipuko wa bakteria E. coli wa aina ya O104:H4. Yalikutwa kweli na E. coli, lakini uchunguzi zaidi ukaonyesha si aina ile iliyokuwa ikiua watu. Wakulima walikuwa wameshapata hasara. Chanzo halisi, machipukizi ya mbegu za uwatu, kilipatikana kwa kuwahoji waliokula na kufuata njia za usambazaji. Wahojaji wako wafunzwe sasa, na namba zao za simu ziwe mezani kwa mkuu wa maabara.